Ndizi za Mwaka wa Ukame

Adui wa mbali utaliona vumbi lake kabla hajafika. Wa karibu unakula naye, tena unamsogezea kigoda. Sumari hakulijua hilo mpaka maji yalipomfika shingoni.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, mwaka wa ukame mkali kwenye miteremko ya Meru. Mzee wa mfereji alikuwa amefariki, na watu wa juu pamoja na wa Kikwe, kule chini, walitakiwa kumchagua mwingine wa kugawa zamu za maji na kuwasemea bomani. Sumari alikitaka cheo hicho kufa na kupona, kwa kuwa marehemu alikuwa baba yake. Tangu msiba yeye ndiye aliyeushika mfereji, na lango la maji alimkabidhi shemeji yake, Kaanaeli. Mpinzani wake alikuwa Yoeli, kijana wa misheni.

"Kikwe wamenuna," Sumari alisema siku moja, akila ndizi za kuchoma kwa Kaanaeli. "Wananiitikia salamu puani. Yoeli kawalisha nini?"

"Chumvi ya misheni, shemeji," Kaanaeli akajibu bila kupepesa macho. "Wale si watu wa kuaminika. Kula, nyingine zipo."

Sumari akala. Ndizi zilikuwa nono ajabu, ilhali migomba ya wenzake ilikuwa imekauka, lakini hakuuliza. Shaka zake zote alizipeleka Kikwe. Hata bibi Ndeshi, aliyemlea utotoni, alipopanda kutoka huko na kibuyu cha pombe, Sumari alimfukuza mlangoni akihofia sumu. Loo, mtu mzima huyo!

Siku ya kuchagua ikafika. Kila mwenye mji alisimama nyuma ya amtakaye. Watu wa juu waligawanyika, wengi wakawa kwa Sumari. Wa Kikwe wote, asibaki hata mmoja, wakaenda kwa Yoeli.

"Mmehongwa!" Sumari alifoka.

"Tuhongwe nini, mwanangu?" Ndeshi akamjibu. "Zamu yetu ikifika tunakuta lango limezibwa kwa magogo ya migomba. Kaanaeli anasema ni amri yako. Ng'ombe wangu wamekufa kwa kiu. Nilikuletea kibuyu nipate kukuuliza, ukanifukuza kama mbwa. Nenda kaone shamba la shemeji yako."

Sumari alikwenda. Migomba ilisimama kijani kibichi, na miguu yake ikazama topeni. Kaanaeli alikwisha kutoroka. Sumari alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alichuma jani la sale, lile la kuombea msamaha, akateremka nalo hadi kwa Ndeshi.

"Shikamoo, mama. Adui nilimtafuta hadi misheni," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Na ndizi za maji yetu ulikula?"

"Nilikula, mama. Nilishiba."

Bibi alilipokea jani, akamsamehe, lakini cheo kilibaki kwa Yoeli. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.