Ushahidi wa Swila Katika Kesi ya Mikomamanga

Utukufu ni wa Mola peke yake, na chini ya rehema zake katika nchi ya Nurabadi alitawala Sultani Shamhuni bin Aqili, ambaye mji wake ulizungukwa na ukuta mweupe, na ndani ya ukuta kila nyumba ilikuwa na bustani, na kila bustani ilikuwa na mikomamanga na mizabibu na mipera na mitomoko, hata msafiri aliyekuja na upepo usoni alijua amefika kabla hajaliona lango. Na watu wa Nurabadi walikuwa na ada waliyoipokea kwa bibi zao: tunda lililo juu ni la mwenye bustani, na tunda lililoanguka lenyewe ni la majini. Haliokotwi, halifagiliwi, wala halisogezwi kwa mguu, maana majini wakinyimwa chakula chao hukasirika. Basi chini ya kila mti matunda yalioza tabaka juu ya tabaka, na watu walipita hapo kwa heshima kubwa huku wameziba pua.

Katika mji huo aliishi Thuweba binti Hilali, aliyerithi kwa marehemu mama yake bustani nzuri kuliko zote, na kwa matunda yake akatengeneza sharubati na kuiuza na kujisitiri. Mteja wake mkubwa alikuwa Luqmani, mwana pekee wa sultani, ambaye kila alasiri alikuja kunywa bilauri moja na kuomba ya pili na kuikawiza ya tatu, na mji mzima ulijua kwamba kiu ile haikuwa ya sharubati. Thuweba naye alijua, na alimpenda, lakini alinyamaza, kwa kuwa binti wa watu hamtangulii mwana wa sultani kwa maneno.

Sasa siku moja Luqmani alikuwa chini ya mkomamanga, bilauri mkononi, na mara swila akachomoza katika majani, akainua kichwa na kutanua shingo karibu kabisa na mguu wake. Luqmani akaruka, bilauri ikavunjika, na yeye akaanguka akateguka mkono. Habari ilipofika kwa baba yake watumishi walikwisha kuinenepesha, na yule swila alikuwa na vichwa viwili na urefu wa mlingoti, naye Luqmani kwa kuona haya hakuikondesha.

Sultani hakuwa na mtoto mwingine. Akamwita waziri wake Tarmidhi, mtu mwenye jibu la kila swali kabla swali halijaisha, na waziri akainama akasema, "Ewe bwana wangu, Mola aurefushe umri wako. Nyoka ni mpenda utamu, na harufu ya matunda humwita kama karamu inavyomwita mdoezi. Kata miti ya matunda, na nyoka hutamwona tena." Neno hilo likamwingia sultani, akatoa amri kwamba baada ya sala ya Ijumaa mashoka yaingie bustani ya Thuweba, kisha bustani zote za mji.

Thuweba alipoletewa habari alikaa chini akalia. Bustani ile ilikuwa riziki yake na kazi ya mikono ya mama yake, na ikikatwa atabaki na kiwanja cha visiki na jina la mwanamke aliyetaka kumuua mwana wa sultani. Alipokwisha kulia alikasirika, na hasira ikamtoa adabu, akasimama mbele ya yale matunda yaliyooza akasema kwa sauti, "Enyi majini wa bustani hii, bibi yangu kawalisha, mama yangu kawalisha, na mimi nimewalisha. Nyoka ameingia kwenu mkamtazama tu. Hata mgeni wa siku moja hula akashukuru."

Akasikia kikohozi nyuma ya kisima. Akatoka jini mzee, ndevu zake za kijani zimefika kiunoni, na pua yake ameifunga kitambaa. Akasema, "Binti Hilali, mimi naitwa Kafurani, na agano la Nabii Suleimani limenifunga niitumikie bustani hii, na tangu nifungwe hapana hata mmoja aliyenisemesha. Basi nisikilize. Sijala tunda lenu hata moja. Chakula chetu sisi ni harufu njema, ubani na udi na mawardi, na nyinyi vizazi na vizazi mnanipakulia uvundo."

Thuweba akauliza ni nani basi anayekula, maana kila asubuhi huyakuta matunda yametafunwa. Jini akajibu kwamba si tabia yake kuwasengenya wakaazi wenziwe, lakini akavua pete ya akiki kidoleni akampa, akamweleza kwamba mnyama yeyote atakayevishwa atasema kwa lugha ya wanadamu na hataweza kusema uongo. Akitaka habari za swila, amwulize swila mwenyewe.

Alimkuta amejikunja katika rundo la kuni kuukuu. Thuweba aliitundika pete kwenye ncha ya fimbo ndefu akaisogeza mpaka mkiani, na pete ikamkaa sawasawa, na swila akamsabahi kwa upole. Wakazungumza kitambo. Swila alimweleza yote, ila alipoombwa ayaseme mbele ya sultani alikataa, akisema kwamba binadamu hajui salamu nyingine kwa nyoka isipokuwa rungu. Thuweba akamwapia kwa jina la Mola kwamba rungu litampitia yeye kwanza. Hapo swila akaingia kapuni.

Ijumaa, baada ya sala, mashoka yamekwisha kunolewa na baraza limejaa, Thuweba akaingia na kapu lake kichwani, naye akijua kwamba sultani asipoamini, kichwa hicho hakitabeba kapu tena. Akapiga magoti akasema, "Sultani wangu, hukumu imetoka na mshtakiwa hajasikilizwa. Nimemleta. Namwombea amani yako kabla sijamfunua."

Sultani akastaajabu, akatoa amani. Kapu likafunuliwa, na baraza zima likarudi nyuma hadi ukutani, na waziri Tarmidhi akaonekana amesimama juu ya kizingiti cha dirisha. Swila akainua kichwa.

"Amani iwe juu yako pia, ewe mfalme wa wenye miguu. Nimesingiziwa. Tazama kinywa changu, uone kama mna jino la kutafunia pera. Tangu tuumbwe hatujaonja tunda. Mimi nala panya, na panya wanakula mnayoyaacha yaoze chini ya miti, na majani marefu na marundo ya kuni mmenipa kuwa kitanda. Mmeniandalia na kunitandikia. Mgeni gani angeaga?"

Waziri akasema kutoka dirishani kwamba hiyo ndiyo hoja yake mwenyewe: pasipo miti hapana matunda, na pasipo matunda hapana panya.

"Ghala ya ngano ya waziri haina mti hata mmoja," akasema swila, "na ndugu zangu wamo humo wamenona."

Waziri akashuka taratibu. Sultani akauliza kwa sauti nzito kwa nini basi alimshambulia mwanawe, na swila akajibu kwamba heri aulizwe mwana. Luqmani akasimama, mkono wake umefungwa kitambaa shingoni.

"Baba, nilimkanyaga mkia. Nilikuwa namtazama Thuweba, sikutazama chini. Naye hakuniuma, alinionya tu. Niliona haya kusema."

Sultani akamkazia macho mwanawe, kisha akacheka, na baraza likacheka naye. Thuweba hakucheka. Alikuwa amempenda Luqmani kwa uzuri na maneno matamu, na saa ile akampenda upya kwa jambo zito zaidi.

Sultani Shamhuni hakuwa katika wafalme wanaoona kosa lao ni bora kuliko haki ya mtu mwingine, akaitengua amri palepale. Lakini mama yake, Bibi Mkuu, akauliza nani atawazuia majini wasikasirike matunda yakiokotwa. Hapo Kafurani akaujaza mlango mzima, akaomba kwa unyenyekevu apewe chetezo kimoja cha ubani kila Alhamisi, na yale mengine yaondolewe, tafadhali, leo. Bibi Mkuu akaridhika, ingawa husemwa kwamba hadi kufa kwake aliacha tomoko moja chini kwa siri, maana ada haifi kwa siku moja.

Mji ukaokota matunda ukawapa mbuzi, na ukakata majani, na ukaondoa marundo. Panya wakahama, na nyoka wakawafuata nje ya lango, na swila wa Thuweba akavuliwa pete akaenda na amani yake. Posa ikapelekwa, na harusi ikafanyika chini ya mikomamanga iliyozaa sana mwaka ule, na Thuweba na Luqmani wakakaa raha mustarehe, wakaruzukiwa watoto waliocheza bustanini bila viatu. Na sisi tulioachiwa habari zao tumeachiwa na neno hili: ukimwona nyoka bustanini usiuhukumu mti, tazama kwanza ulichokiacha chini yake, kwani wengi wameshika shoka mahali ambapo ufagio ungetosha.