Mgeni wa Tajiri Hargrove

Tajiri Hargrove, mwenye timu ya soka kule Ohio, aliabudu nyota wa kutoka ng'ambo. Vijana wa mtaani waliokuja kuomba majaribio aliwafukuza getini yeye mwenyewe.

Asubuhi moja Bi Mwanahija alimleta kijana aliyevaa kanzu na kofia ya viua. Kijana akapewa jezi, akamfunga kipa wa timu mabao matatu, akarudia kanzu yake. Hargrove, mate yakimdondoka, akabofya simu kutafuta maneno ya Kiswahili.

"Karibu, mgeni!" akatamka kwa fahari, akawaingiza ofisini. Akamgeukia Bi Mwanahija kwa Kiingereza, "Atakubali kunichezea?"

Kijana akamnong'oneza Bi Mwanahija kwa Kiswahili, "Shangazi, kofia inaniwasha."

"Vumilia, Feruzi."

"Anasemaje?" akauliza Hargrove.

"Anasema anaumia, ila akilipwa kama nyota wa kigeni atavumilia."

Hargrove hakubisha. Mkataba ukaandikwa, wa miaka mitatu, usiovunjika, wakasaini wote.

"Sasa nimpe dereva," akasema Hargrove. "Asije akapotea mjini."

Feruzi akavua kofia, akajikuna, akajibu kwa Kiingereza cha palepale Ohio. "Usijisumbue, bosi. Nimezaliwa hapo nyuma ya uwanja wako. Mwaka jana ulinifukuza getini."

Hargrove akaiva uso. "Mlisema ni mgeni!"

"Ulisema wewe," akajibu Bi Mwanahija, akikunja nakala yao ya mkataba. "Na sisi, baba, tukiambiwa karibu mgeni, hatubishani na mwenye nyumba. Tunanawa mikono, tunakula."