Ua Lililojificha Mwambani

Zamani, kabla jani lake halijapinda, begonia, mmea wa maua yenye harufu, iliota kwenye kila kijito cha milima ya Usambara. Jani lilikuwa duara kamili, kijani juu na chini. Binti alipoolewa, maji yake ya kuoga yalitiwa maua hayo, na ilikuwa lazima yaombwe kwa mtu wa nyumba nyingine. Bibi harusi asiyenukia alionekana mtoto wa watu wasioelewana na yeyote.

Nakiete alipenda mimea kuliko wenzake wote, hadi akataka ua hilo liwe lake peke yake. Akapita kijito kwa kijito, aking'oa na kujaza tenga. Waliomuuliza aliwajibu kwamba anaiokoa miche na ugonjwa. Uani kwake jua likaiunguza karibu yote. Ukabaki mche mmoja. Akauingiza ndani, akaufunika kwa tenga nyuma ya mtungi.

Siku chache baadaye akaja Mama Hoza, mke wa kaka yake. Hoza alikuwa anaolewa kesho yake.

"Wifi, nimezunguka vijito vyote, miguu imekufa. Nipe hata ua moja la mtoto."

Nakiete akasema hana, ilhali nyumba nzima inanukia ua hilo. Mama Hoza akatazama chini, akamaliza taratibu uji aliokaribishwa, akainuka.

"Sawa, wifi. Nitamwambia umekosa kama sisi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Hata hivyo hakufunua tenga.

Kesho yake yeye, shangazi, ndiye aliyemshika Hoza mkono kumpeleka kwa wakwe. Wanawake wa kule wakainama kumnusa bibi harusi, wasisikie kitu. Kisha wakageuka, mmoja mmoja, kumtazama Nakiete. Harufu ilikuwa imeganda kwenye nguo zake.

"Kumbe lipo," akasema mama mkwe, bila kupaza sauti. "Ila ameogeshwa shangazi."

Hoza hakuuachia mkono wake. Hilo ndilo lililomshinda Nakiete kabisa.

Aliporudi aliubeba mche hadi juu msituni, akaupanda kwenye ufa wa mwamba unaotiririka maji. Jani, kwa kubanwa na tenga, lilikuwa limekua upande mmoja, na chini limekuwa jekundu kama macho ya aliyelia.

Na tangu siku hiyo begonia ile ni adimu, jani lake limeenda upande, wekundu wake imeuficha chini. Wakusanyaji wa maua huipandia mlima kutwa nzima. Wakiipata, harufu yake ni ndogo mno. Hakuna aliyewahi kuinusa bila kupiga magoti.