Mashavu ya Nyani na Nadhiri ya Bi Kobe

Ngano inakuja.
— Na ije.
Inakuja kwa miguu.
— Ije pole, tunaingoja.
Imetoka mbali, ina vumbi.
— Tutaipa maji.

Waliokuwapo katika safari hii nitawataja mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Nguchiro, ambaye wengine humwita Cheche. Mwili mdogo, maneno mengi. Wa pili alikuwa Kanga, ndege mwenye madoadoa. Wa tatu alikuwa Nyani, mwenye kifua kipana. Wa nne alikuwa Bi Kobe; kobe wa nchi kavu, nasema, si kasa wa baharini, maana kasa huogelea na kobe haogelei. Hao wanne. Hakukuwa na wa tano.

Walikuwa wanakwenda ziara kwenye Chemchemi ya Mawemawili, mwendo wa siku saba.

Asubuhi ya kwanza Nguchiro aliwatazama wenzake, akawapima haraka, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kanga amevaa vizuri, akasema moyoni, bila shaka anaijua njia. Nyani ni mtu mzima mwenye huruma, maana amejitolea kuubeba mkoba wa chakula cha wote. Bi Kobe ni mzigo tu.

Kanga akaongoza, chekeleke, chekeleke, wakaenda kutwa nzima, na jioni wakajikuta palepale walipoanzia.

"Dada Kanga," akauliza Nguchiro, "umewahi kupita huku?"

"Sijawahi. Lakini nani aliniuliza?"

Kesho yake wakaanza kuuliza njia kwa wapita njia. Kila walipopumzika, Nyani alifungua mkoba. Kila alipofungua mkoba, alikula kwanza. Kacha, kacha, kacha. "Mbeba mzigo hula kwanza," alisema, na aliyekula kwanza ndiye aliyekula mwisho. Bi Kobe aliambulia maganda. Na kila walipofika mtoni, Nyani alimpakia Bi Kobe mgongoni, akavuka naye, chubwi, chubwi, akamtua ng'ambo, akafungua mkoba tena.

Nguchiro alimchukia Nyani. Bi Kobe, ambaye alimdhania mzigo, akawa ndiye mwenzake wa kuzungumza naye njiani. Kwaru, kwaru, walitembea nyuma ya wenzao.

"Bibi, kwa uzee huu, nini kimekutoa nyumbani?"

"Nadhiri, mwanangu. Moto wa msituni ulituruka mimi na watoto wangu, nikasema nitakwenda Mawemawili kunawa uso na kushukuru. Watoto wenyewe sasa wana wajukuu. Nikifa sijafika, nitakuwa nimesema uongo."

"Utafika, bibi. Huyo Nyani niachie mimi."

"Nyani amekosa nini?"

"Anakuua kwa njaa."

"Njaa naijua," akasema Bi Kobe. "Tumeishi pamoja siku nyingi."

Nguchiro hakusikiliza. Alikuwa amekwisha kupata shauri.

Siku ya sita walikaribia lango la Mawemawili. Mlinzi wake ni Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, na desturi ya pale ni hii: kila mgeni huulizwa jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake. Asiyejibu hurudi alikotoka. Nguchiro aliijua desturi hiyo kwa kuisikia. Nyani hakuijua.

"Mjomba," Nguchiro akamnong'oneza Nyani, "huko mbele hupekua mikoba. Chakula hugawiwa wote sawasawa."

"Sawasawa na Kobe?"

"Sawasawa na Kobe. Ila mdomo hawapekui."

Nyani akafungua mkoba. Akajaza karanga shavu la kulia. Akajaza karanga shavu la kushoto. Akashindilia mihogo mikavu katikati. Mashavu yakashuka mpaka mabegani.

"Jina lako?" akauliza Hondohondo.

"Mm."

"La baba yako?"

"Mmm."

"La babu yako?"

Karanga moja ikachungulia. Nyani akairudisha kwa kidole.

"Huyu hana kwao," akasema Hondohondo. "Arudi."

Angetema, angejibu. Hakutema. Aligeuka akaenda zake na chakula chote. Kanga alicheka mpaka akakaa chini. Nguchiro naye alicheka, kisha hao watatu wakajibu, wakapita.

Mwendo wa nusu siku kutoka langoni kulikuwa na Mto Churuzi. Wuuu, maji yalikuwa mengi. Kanga akaruka, puru, akatua ng'ambo, akatangulia. Nguchiro angeweza kupita juu ya mti mwembamba ulioangukia mtoni. Bi Kobe akafika, kwaru, kwaru, akayatazama maji.

"Wa kunivusha yuko wapi, mwanangu?"

Nguchiro akautazama ule mti mwembamba. Alikuwa ameyapima mashavu ya Nyani; mgongo wake hakuupima. Akamsukuma Bi Kobe kuelekea kwenye ule mti, lakini hakusogea. Akarudi mbio langoni kumwombea Nyani ruhusa. Hondohondo akasema aliyerudishwa haingii mpaka mwaka ugeuke.

"Basi nenda wewe, uninawie," akasema Bi Kobe. "Ulitaje jina langu vizuri. Mimi nitakaa hapa."

"Nitakuletea maji ya chemchemi, bibi."

"Maji ninayo mbele yangu. Nenda."

Nguchiro akaenda. Chemchemi ilikuwa ndogo, kadiri ya sinia. Akanawa, akalitaja jina la Bi Kobe, akageuka kurudi.

Ngano hii yatufundisha kwamba mlafi akiondolewa njiani, safari huwa nyepesi kwa wote. Yatufundisha pia kwamba mwenye akili hamhitaji mwenye nguvu. Watoto wayashike hayo.

Ngano inaondoka.
— Iende salama.
Haina mkoba.
— Iende hivyo hivyo.

Nguchiro alirudi mtoni siku ya tatu tangu aondoke. Bi Kobe alikuwa amekufa kwa njaa.