Mti wa Mpakani kwa Mzee Kirenga

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana miti ya Krismasi ya plastiki ilikuwa imeshafika mpaka Rombo, palikuwa na mjane aliyeitwa Mama Anaeli. Aliishi migombani na ng'ombe wake mmoja. Watoto wake watatu walikaa mjini, na kama mnavyowajua watu wa mjini, mama yao walimpenda sana. Walimpenda kwa simu. Aliyemkatia ng'ombe majani na kumpeleka mama zahanati mwaka mzima ni jirani, Mzee Kirenga.

Krismasi moja watoto wakaja wote watatu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wamzike baba yao. Mama akawaambia, "Mwaka huu sitaki ule mti wa dukani. Nataka mti wa kweli."

Basi wataalamu wakaingia shambani. Anaeli, dada mkubwa, ndiye aliyechagua. Mti wa kwanza ulikuwa mwembamba. Wa pili umepinda. Wa tatu ulikuwa na siafu, na siafu hawapendezi kwenye picha. Mwishowe akauona mmoja nyuma ya mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, nao ulikuwa mpana chini, umechongoka juu. Akasema, "Huu."

Manase, mdogo wake, akaukata. Hakuuliza ni wa nani. Mwanaume akishashika panga atauliza nini tena? Kitindamimba, Eliamani, akaupamba. Alikosa utepe, kwa hiyo akayafyeka yale masale akayafunga kwenye matawi, akasifu rangi yake. Kila mtoto wa Kichaga anajua kwamba masale yaliyopandwa kwa mstari ni mpaka, na mpaka haufyekwi. Kila mtoto, isipokuwa hawa watatu, ambao ukijumlisha shahada zao zilikuwa nne.

Asubuhi Mzee Kirenga akakuta kisiki. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni, akautazama mti sebuleni ukiwakawaka kwa taa, akasema, "Mti huu niliupanda na baba yenu siku tuliyomaliza ugomvi wa mpaka. Mama Anaeli, kuanzia leo tafuta mtu mwingine wa kukusaidia."

Hapo ndipo watu wa mjini waliposhtuka, maana tarehe mbili walikuwa na safari ya kurudi mjini. Nani angebaki na mama? Wakakumbuka, kwa mara ya kwanza, mila zao: ukimkosea mtu, umpelekee jani la sale, naye hawezi kukataa kukusamehe. Lakini Kirenga akatuma neno: "Aje nalo mwenye kosa mwenyewe. Likiletwa na mwingine, hilo ni jani tu."

Anaeli akasema, "Mimi nilitamka neno moja. Neno halikati mti."

Manase akasema, "Mimi nilikata nilichoonyeshwa. Ningeachiwa mwenyewe ningekata ule wa siafu."

Eliamani akasema, "Mimi niliukuta umeshaanguka. Kosa langu ni majani, na majani yanaota tena."

Wakabishana kwa ufasaha mkubwa mpaka mtori wa ndizi ukapoa. Mama akawaacha wamalize, kisha akasema:

"Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Niliwaona mkivuka masale, na mti niliujua ni wa nani. Nilinyamaza. Mlikuwa mnacheka wote watatu, na sijawasikia mkicheka pamoja tangu baba yenu afe. Niliogopa nikisema mtaacha."

Akajifunga khanga, akachomoa jani moja la sale kutoka kwenye mti, akatoka. Watoto wakatazamana. Hakuna aliyemwambia, "Mama, kaa."

Haya, ninyi mlioshiba na kunitazama kama vile hayawahusu. Je, nani alistahili kulibeba jani lile: aliyechagua, aliyekata, aliyepamba, au aliyenyamaza ili awasikie watoto wake wakicheka? Semeni upesi, maana mama ameshavuka uwanja.