Dele la Chubwa

Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu haya. Fuadi, mtoto wa tajiri wa karafuu, mikono ilimwasha asiposhika karata. Siku hiyo alimkabili Chubwa, muuza kahawa ya dele, lile birika refu.

"Weka dele lako la shaba tucheze. Ukikataa, huuzi tena barazani kwa baba."

"Ndilo linalonilisha, bwana mdogo. Wewe unaweka nini?"

"Pikipiki. Kwani utashinda, we mzee?"

"Basi lipakate kabisa. Si lako tayari?"

Fuadi akacheka, akalipakata kama mtoto mchanga, karata kaziinua mbele yake. Akafungwa mara tatu mfululizo.

"Umeniroga!"

"Kwa ndimu na majivu tu, mwanangu."

Asubuhi nzima Chubwa alilisugua dele mpaka likawa kioo, na karata zote za Fuadi alizisoma humo. Akapanda pikipiki, akatimua vumbi. Hilo vumbi nimeongeza mimi. Hajui kuendesha, aliikokota.