Barabara ya Mialoni

Hapo kale, kale ambayo yenyewe ilikuwa bado haijaota meno, kaunti yetu hii ndogo ya Ayalandi ilikuwepo, na katikati yake kinamasi hiki hiki. Dara, acha kuchokoa moto, sikiliza!

Mama mmoja, jina lake Gormla, aliishi upande huu. Binti yake wa pekee, Ronnat, aliolewa upande wa pili. Tope halikuwa na mwisho, lakini watu walivuka. Kila mwaka baridi ilipokwisha, kila nyumba ilikata fito vichakani, ikazifunga, ikazitandika juu ya tope. Tope likameza, wakatandika. Likameza, wakatandika. Na Gormla akaenda kwa mwanawe, akarudi.

Akatokea Mtemi Fiachna. Huyo alikuwa na maradhi ya kutaka kusifiwa na wageni.

"Wageni wangu wapite juu ya fito kama kuku?" akafoka. "Kateni mialoni! Nataka barabara ya mbao, mikokoteni ipishane!"

Gormla akapiga magoti. "Mtemi, mwaloni ni mzito. Tope letu halibebi kizito."

"Ehe! Tope ndilo mwalimu wako?"

Watu wakacheka. Msininunie, nanyi mngecheka. Babu zenu walicheka.

Mialoni ikaanguka yote. Vichaka navyo vikang'olewa, vikawa tandiko chini ya mbao. Fito zikapigwa marufuku, zisimwaibishe mtemi. Wageni wakaja, wakala, wakasifu, wakaenda zao.

Mwaka wa tisa barabara ikazama. Yote. Mtemi akasema ni mvua.

Gormla akatafuta fito. Wapi! Hapakuwa na kichaka hata cha kufungia mbuzi. Akabaki ukingoni, na Ronnat ng'ambo, mdogo kama kidole.

"Mama, unakuja lini?"

"Zikiota, mwanangu!"

Kesho yake tena: "Mama, lini?"

"Zikiota!"

Ziliota, ndiyo. Ziliota juu ya kaburi lake.

Siku hizi mbao zile zimefukuliwa, zimewekwa ndani ya jumba la makumbusho, na wageni wanatoka mbali kuzitazama. "Watu wa kale walikuwa mafundi!" Ndivyo wanavyosema. Fito hakuna anayeziulizia. Zilioza, na jina la Gormla halikuandikwa mlangoni.

Usiache mbachao kwa msala upitao, wajukuu zangu. Kisa changu kimefika ukingoni. Mwenye fito na avuke.